-NA- na -NGALI-: Uhakiki wa Lugha ya Kandanda Katika Redio za Kenya

Utangulizi

Tarehe 7 Februari 2025 aliaga dunia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Wengi humkumbuka kwa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, alichokianza mwaka 1966 na kukiendesha kwa miongo mingi. Wengine humkumbuka kwa tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipomlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Sisi hapa twamkumbuka kwa kazi yake ya tatu, ambayo wanazuoni hawajaipa uzito unaostahili, nayo ni kazi ya kuwaeleza mchezo wa mpira watu wasiouona.

Ukoo wake wa Freretown, Mombasa, una nafasi tayari katika historia ya nathari yetu, kwani ndio ukoo wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Kitabu hicho twakisoma na kukihakiki. Maneno ya mtangazaji, ambayo yamkini yalisikiwa na watu wengi zaidi, hatuyasomi. Ni kweli kwamba shuleni hufundishwa kitu kiitwacho sajili ya michezo, lakini aghalabu mwanafunzi hupewa orodha ya istilahi akariri, kana kwamba sanaa ya fundi seremala ni majina ya vifaa vyake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba maelezo ya mpira redioni ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zimejengwa juu ya sarufi ya Kiswahili chenyewe. La pili ni kwamba tangu redio za kibinafsi zilipoenea, utanzu huo umezungukwa na mwingine, yaani mazungumzo ya mpira, ambao nao una uhalali wake, lakini sasa unaelekea kuumeza ule wa kwanza. Ikiwa wahakiki hawatatofautisha tanzu hizi mbili, hawataweza kueleza ni kitu gani kinachopotea.

Redio na uwanja: historia kwa ufupi

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi. Lugha za Waafrika zilipewa nafasi baadaye, hasa tangu Vita Kuu ya Pili. Shirika lililoundwa kuelekea uhuru liliwekwa chini ya serikali mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa muda wote huo, hadi katikati ya miaka ya tisini, redio nchini ilikuwa ya serikali peke yake. Televisheni ilikuwapo tangu mwaka 1962, lakini ilikuwa chombo cha wachache wa mjini. Kwa mwananchi wa kawaida uwanja ulikuwa ndani ya redio, na redio ilikuwa moja kwa watu wengi: barazani mwa duka, au chini ya mti, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini.

Hali hiyo ilimpa mtangazaji mamlaka makubwa. Hakuna aliyeweza kumsahihisha. Akisema mpira umetoka, ulikuwa umetoka. Mwaka 1987 Kenya iliandaa Michezo ya Afrika Nzima, na timu ya taifa ikafika fainali ya kandanda ikafungwa na Misri bao moja kwa bila. Mwezi Desemba mwaka huo huo Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika, baada ya kutoka sare ya 2–2 na Espérance kule Tunis na sare ya 1–1 Nairobi, mabao ya ugenini yakaamua. Wakenya wengi wanaosimulia mechi hizo hadi leo husema "niliona", ilhali waliyoyapata waliyapata kwa sikio. Kosa hilo la neno ndilo sifa kubwa kabisa awezayo kupewa mtangazaji.

Yafaa pia tukumbuke kwamba timu zilizovuta umati zilikuwa na mizizi katika jamii mahususi. Gor Mahia ilikuwa ya Waluo, na AFC Leopards hapo awali iliitwa kwa jina la Abaluhya. Mtangazaji wa Kiswahili aliingia kati ya jamii hizo kwa lugha ambayo haikuwa ya upande wowote uwanjani. Waasi wa mwaka 1982 walipotafuta sauti ya kuazima, walikwenda kwa sauti iliyozoeleka na kuaminiwa. Hatudai kwamba mpira peke yake ndio uliojenga imani hiyo. Twasema tu kwamba mtu aliyewaambia watu kwa miaka mingi mahali ulipo mpira, nao wakamkubali, alikuwa na amana mikononi mwake.

Sarufi ya mpira unaokwenda

Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza kwa mara ya kwanza mechi ya kandanda, kati ya Arsenal na Sheffield United, wasikilizaji walichapishiwa gazetini ramani ya uwanja uliogawanywa katika miraba minane. Mtangazaji alieleza mchezo, na mwenzake akataja nambari ya mraba uliokuwa na mpira. Jambo hili laonyesha wazi tatizo la utanzu wenyewe: sikio halina mahali, na mchezo wa mpira hauna maana bila mahali.

Mtangazaji wa Kiswahili hakuwachapishia wasikilizaji wake ramani. Alikuwa na ngeli ya mahali. Tutunge mfano wetu wenyewe:

"Nambari saba anao. Anaukokota kule pembeni. Anamtoka mmoja. Sasa yuko pale kwenye kona ya sanduku. Anautia mle ndani… beki anauondoa!"

Kule, pale, mle. Kule ni mahali pasipo dhahiri, mbali na hatari. Pale ni mahali mahususi, pa kutazamwa. Mle ni ndani, na katika kandanda ndani ni kumoja tu, mbele ya lango. Msikilizaji aliyelelewa katika lugha hii hahitaji kuambiwa kwamba hatari imeongezeka, kwa sababu vionyeshi vimekwisha kumwambia kabla nomino haijatajwa. Barazani watu husimama wasikiapo mle. Si nia yetu kudai kwamba Kiswahili kiliumbwa kwa ajili ya mpira. Tunalodai ni kwamba mtangazaji bora aligundua katika sarufi ya kila siku chombo ambacho wengine walikichora kwenye karatasi.

Jambo la pili ni kiambishi cha yambwa. Katika mfano wetu neno mpira halikutajwa hata mara moja, wala msikilizaji hakupotea. Silabi -u- imeubeba mpira kutoka pembeni hadi mle ndani. Sentensi kamili iliyo fupi kuliko zote katika utanzu huu ni anao, na ndani ya silabi tatu mna mchezaji, umiliki na mpira. Mtangazaji asiye fundi hurudia "anapiga mpira, anachukua mpira, anapeleka mpira", hata mpira wenyewe ukawa mzito masikioni.

Jambo la tatu ni mpangilio wa viambishi ndani ya kitenzi. Tazama anaupiga: nafsi hutangulia, kisha njeo, kisha yambwa, na mzizi huja karibu na mwisho. Kwa hiyo mtangazaji aweza kuanza kutamka anau- kabla mchezaji hajaamua kama atapiga, atatuliza au ataachia. Kinywa chaenda sambamba na mguu, na tendo likitokea, mzizi wake waingia mahali pake. Twaamini kwamba hapa ndipo penye siri ya kasi ya watangazaji wetu. Wasikilizaji huidhania kuwa ni wepesi wa ulimi tu, kumbe ni sarufi inayomngojea mchezaji.

Lakini sarufi hiyo hiyo ina shimo. Kiambishi a- hakibagui timu. "Anamtoka, anamfuata, anamnyang'anya" huweza kumwacha msikilizaji asijue nani amemnyang'anya nani. Fundi hulifukia shimo hili kwa majina, kwa huyu na yule, na kwa kurudia jina la timu kila mpira ubadilishapo miliki. Hapa pana kipimo kizuri cha uhakiki: msikilizaji akifumba macho, je, aweza kusema wakati wowote mpira uko wapi na uko kwa nani? Mtangazaji anayeshindwa kipimo hiki hana utangazaji, hata awe na tamathali tamu kama asali.

Msamiati na mizani ya pumzi

Istilahi nyingi za kandanda hazikutoka katika vikao vya kusanifisha lugha. Zilizaliwa viwanjani, magazetini na redioni, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Ukizichunguza utaona kwamba zimechotwa katika maisha ya Waswahili yaliyotangulia mpira. Baharini tulipata nahodha, na mkondo wa kwanza na wa pili wa mechi. Katika mji wenye boma tulipata ngome na lango. Katika uwindaji tulipata kuotea, ambako mchezaji huvizia nyuma ya walinzi kama mwindaji avizaye mnyama. Na ni uzuri ulioje kwamba mwindaji husifiwa kwa kuvizia ilhali mchezaji huadhibiwa! Mavazini tulipata kanzu, avishwayo mchezaji ambaye mpira umepitishwa juu ya kichwa chake. Nyumbani, tena mahali pa aibu, tulipata kufumania nyavu, kana kwamba nyavu zilikuwa katika tendo la siri.

Pamoja na hayo kuna maneno ya kukopa: goli, kona, penalti, refa, kipa, winga, krosi. Baadhi ya walimu huyaona haya kuwa uvivu. Sisi twaona kwamba mtangazaji stadi huchagua baina ya jozi za maneno kwa kanuni tunayoweza kuiita mizani ya pumzi. Mpira ukiwa unakwenda husema kipa na refa, kwa sababu hana nafasi ya silabi zaidi. Mpira ukisimama, mchezaji akiwa chini anatibiwa, hurudi mlinda lango na mwamuzi. Mshairi hupunguza silabi ili mstari ukae katika mizani; mtangazaji naye hupunguza ili neno likae katika tendo. Kumwambia aseme "mpira wa kupigwa kutoka pembeni" wakati kona imekwisha kupigwa ni kumtaka aseme uongo kwa Kiswahili sanifu.

Hatusemi kwamba watangazaji wa enzi hiyo hawakuwa na dosari. Tamathali zilizopendeza mara ya kwanza zilirudiwa hata zikachakaa. Lugha ya vita ilitawala, timu ikawa haifungwi ila huchapwa, hutandikwa na huangamizwa. Zaidi ya hayo, redio ikiwa moja na ya serikali, hapakuwa na sauti ya pili ya kumpinga mtangazaji, wala mahali pa msikilizaji kujibu. Hadhira ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa bubu.

Enzi ya mazungumzo

Mwaka 1996 Capital FM ilianza kutangaza Nairobi, na baada yake redio za kibinafsi zikaongezeka upesi, za Kiingereza, za Kiswahili na za lugha nyingine za nchi. Wakati huo huo televisheni za setilaiti zilileta ligi ya Uingereza katika mabaa na katika vibanda vya video. Hali ya msikilizaji ikabadilika kabisa. Zamani redio ilimweleza jambo ambalo hakuliona. Sasa humzungumzisha juu ya jambo aliloliona jana, pengine kuliko alivyoliona mtangazaji.

Ndipo ulipostawi utanzu wa pili. Studioni huketi watangazaji wawili au watatu, pengine pamoja na mchezaji au kocha wa zamani, na simu za wasikilizaji huingia. Mfano unaojulikana ni Jacob Mulee, kocha aliyeiongoza Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, ambaye baadaye amekuwa sauti ya asubuhi katika Radio Jambo. Jirani zetu wa Tanzania nao wanavyo vipindi vya namna hii, na mazungumzo juu ya Simba na Yanga, watani wa jadi, huchukua saa nyingi za redio.

Utanzu huu usidharauliwe. Umeirudishia hadhira mdomo wake. Shabiki anayepiga simu kutoka Kakamega kumkejeli shabiki wa Kisumu hafanyi jambo geni katika fasihi yetu, kwani hayo ni malumbano ya utani, yenye mipaka ya heshima ijulikanayo na pande zote, ila tu kwamba uwanja wake ni masafa ya redio. Tena mazungumzo yamemtoa refa, kocha na kiongozi wa chama cha mpira katika kinga waliyokuwa nayo. Leo huulizwa, hubishiwa na hutakiwa kujibu. Uhuru huo haukuwapo zamani.

Tofauti ya tanzu hizi mbili yaonekana katika njeo. Maelezo ya mpira hukaa katika -na- na -me-: anaukokota, ameupiga, umeingia. Mazungumzo hukaa katika -nge- na -ngali-: angalimwingiza fulani mapema tungalishinda, refa angelikuwa na macho lisingelikubaliwa. Njeo ya kwanza hudaiwa ukweli papo hapo, kwa sababu sekunde ya pili yaweza kuiumbua. Njeo ya pili haidaiwi chochote. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba tusingalishinda. Wahenga walisema ningalijua huja kinyume. Redio ya leo imeipa ningalijua kipindi cha saa tatu kila siku.

Dosari basi haimo katika -ngali- yenyewe. Imo katika kuhama kwake. Sikiliza matangazo ya mechi nyingi za leo utasikia mazungumzo yameingia uwanjani mpira ukiwa bado unakwenda. Mtangazaji huanza kubishana na mwenzake juu ya bei ya mchezaji au juu ya kikosi cha juma lililopita, kisha ghafla hupiga ukelele wa goli, na msikilizaji aliye mbali na televisheni hajui limetoka wapi wala limefungwa na nani. Kule, pale na mle vimetoweka, kwa kuwa msemaji anadhani kila mtu anatazama.

Kuna jambo jingine la kutiliwa maanani. Biashara ya kubashiri matokeo, iliyoenea sana nchini tangu katikati ya muongo uliopita, imeingia katika lugha ya vipindi hivi. Neno mkeka limepata maana mpya ya karatasi ya ubashiri, na mtu aliyekosa hulia kwamba mkeka wake umechanika. Kwa upande wa lugha, huu ni ushahidi kwamba umma bado unaunda istilahi kutoka katika mali ya nyumbani, kama ulivyounda kanzu na ngome. Kwa upande wa maudhui, hali yatia wasiwasi. Katika maelezo swali lilikuwa: mpira uko wapi? Katika mazungumzo swali lilikuwa: nani mwenye kosa? Katika mkeka swali ni moja tu: nimepata au nimekosa? Mchezo wenyewe hauhitajiki tena kuelezwa, tarakimu zatosha.

Hitimisho

Yawezekana msomaji atauliza: ikiwa watu wanaona kwa macho, ya nini kulilia utanzu wa kuwaonyesha kwa masikio? Jibu ni kwamba si wote wanaoona, wala si mechi zote zinazoonekana. Wapo wasioona kwa macho, ambao uwanja wao ni maneno. Wapo dereva, mlinzi wa usiku, mpishi na mkulima, ambao mikono na macho yao yana kazi. Na zaidi ya hao, ipo mipira ya nyumbani. Ligi ya Uingereza haikosi kamera. Mechi inayochezwa siku ya Jumapili katika uwanja wa vumbi wa mji mdogo haina kamera hata moja, na asipopatikana mtu wa kuieleza kwa -na-, kwa walio nje ya ule uwanja itakuwa haikuchezwa. Katika redio nyingi mechi hizo hutajwa kwa matokeo tu, huku saa nzima ikitumiwa kubishana juu ya kocha wa London. Hapo ndipo pengo lilipo, na ni pengo la lugha kama lilivyo la michezo.

Idara zetu zina kazi tatu. Ya kwanza ni kurekodi na kunakili maelezo ya mpira, ya waliostaafu wangali hai na ya vijana walioko uwanjani sasa, na kuyahifadhi kama tunavyohifadhi tenzi na ngano. Ya pili ni kuyafundisha kama sanaa ya fanani, ili mwanafunzi aone jinsi ngeli ya mahali na kiambishi cha yambwa vinavyofanya kazi mahali penye haraka kuliko ubao wa darasani. Ya tatu ni kuyahakiki bila kuyabembeleza, kwa kipimo tulichokitaja: tukifumba macho, twajua mpira uko wapi na uko kwa nani?

Mbotela na wenzake hawakuandika kanuni zao. Walizifuata, watu barazani wakazielewa, na mchezo ukaonekana. Sehemu ya kazi hiyo ingali katika kumbukumbu za waliosikiliza, na kumbukumbu hizo zinapungua kila mwaka. Tukichelewa, sisi nasi tutabaki na njeo ya pili: tungalirekodi, tungaliandika.